Maziwa ya Jua

Kwa miezi saba kazi yangu pale Kibirizi, Kigoma, ilikuwa kuwapeleka watoto kwa mama zao wakanyonye. Nimefanya kazi nyingi, na nyingi zaidi nimeziacha, lakini hakuna niliyoianza kwa maswali machache kama hiyo. Mwanamke mmoja alinikuta nimekaa kwenye kivuli cha boti bovu lililolazwa ubavu, akaniuliza kama nina mgongo mzima. Nikasema ninao. Akaniwekea mtoto mapajani, akarudi kwenye dagaa wake.

Maboti yakirudi asubuhi, dagaa wanamwagwa kwenye chanja, zile meza ndefu za miti na nyavu zilizopangwa kando ya ziwa, na kuanzia hapo mwanikaji hana nafasi. Dagaa wasipogeuzwa kwa wakati wanashikana, wa chini wanaoza, wa juu wanaliwa na ndege. Mwenye mtoto mchanga ana kazi mbili na zote hazingoji. Kwa hiyo wanawake waliokuwa wananyonyesha, wanane nilipofika, walikuwa wamejipanga wenyewe. Mtoto akilia, mimi nambeba hadi kwa mama yake. Mama ananawa mikono kwenye ndoo, anakaa chini papo hapo kando ya chanja, na majirani zake wawili wanamgeuzia dagaa mpaka amalize. Mpango huo waliuita kugeuziana. Jioni kila mmoja alinipa bakuli la dagaa, nami nilikwenda kuwauza Katubuka, nikala na kulala.

Kiongozi wao hakuchaguliwa. Alikuwa amejifungua pacha, akawanyonyesha wote wawili huku anaanika, na mtu aliyeweza hilo hakuwa na wa kubishana naye. Tulimwita Mama Pacha. Kituo cha afya kilimfundisha kwa siku chache, yeye na akina mama wengine wa mitaani, akarudi na titi la kitambaa la kufundishia, limeshonwa vizuri na chuchu yake ya kahawia. Watoto wakubwa walilipiga danadana kama mpira, ikabidi alifiche kwenye sufuria lenye mfuniko. Siku za mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, maboti hayaendi ziwani na chanja zinakuwa tupu. Hizo ndizo siku alizowakusanya. Wenzao wengine walikuwa wanalala siku hizo. Hawa walikuja na watoto wao na macho mekundu, wakakaa mchangani kusikiliza titi la kitambaa.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Sikufukuzwa. Nilitaka kujua treni inayotoka Kigoma inaishia wapi, na nilipojua sikurudi kuwaambia. Tangu hapo nimevuna tumbaku Urambo, nimebeba chumvi Uvinza, nimechuma kahawa Kalinzi, nimeuza mawese Ujiji. Kila nilipopita niliuliza. Kwa nini mnafanya hivi, mlifundishwa na nani, mkifanya vingine inakuwaje. Watu wanapenda kuulizwa. Nikajaza kichwa vitu visivyo na mpangilio, kama mfuko wa fundi aliyekufa, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kuwapa watu, nikawa nawapa hivyo.

Yule wa tisa alikuja mwanzo wa kiangazi. Alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, anakaa chumba kimoja Gungu, mumewe anavua huko kusini na kurudi kwa nadra. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, alikuwa na miezi miwili. Binti hakuwa msemaji. Alinyoosha mikono yote miwili kila nilipomletea mtoto, kama anayepokea sahani ya moto, na kila mara alisema, "Asante, shangazi." Wengine walikuwa wamekwisha kunizoea na hawakushukuru tena.

Siku moja aliniuliza, "Shangazi, mbona mchana ananikataa? Usiku ananyonya vizuri tu."

Nilimgusa kifuani kwa mgongo wa mkono. Palikuwa pa moto, kama palivyokuwa kwa yeyote aliyesimama juani tangu asubuhi.

"Jua limeingia kwenye maziwa," nikasema. "Kule Uvinza wanawake waliokuwa wanapika chumvi walikamua kwanza yale ya moto, wakamwaga. Yakianza kutoka ya baridi, ndiyo unampa."

"Ya baridi nitayajuaje?"

"Utayajua."

Mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nimemsikia mwanamke mmoja tu, kwenye moshi, akisema hivyo huku anachochea kuni, na sikukaa Uvinza muda wa kutosha kuona mtoto wake aliendeleaje. Lakini ilikuwa imepita muda mrefu tangu mtu aniulize kitu kwa uso ule. Niliwaambia na wengine pia. Wao walidondosha matone mawili mchangani, kama wanaotambika, wakacheka na kuendelea na mambo yao. Binti wa Gungu hakucheka.

Sikuona mara moja. Mimi ndiye niliyewabeba wote tisa, na mikono yangu ilikuwa mizani bila mimi kutaka. Wale wanane walizidi kuniumiza kiuno kila wiki. Huyu mmoja akawa mwepesi. Mwanzoni nilishukuru, Mungu anisamehe, maana kutoka kwenye boti hadi chanja ya mama yake ndiko kulikokuwa mbali zaidi. Baadaye niliona mapaja yake yamepoteza mikunjo. Alilia kidogo kuliko wenzake, na kilio chenyewe kilikuwa chembamba, cha mtu mzima aliyekata tamaa.

Maneno yakaanza kwenye chanja. Mtoto kabemendwa. Yaani mama ana mwanaume mwingine huku ananyonyesha, na maziwa yamemdhuru mtoto. Mume hayupo, mtoto anakonda, watu wanataka nini zaidi? Mama Pacha aliwasikia, akasema bila kuinua kichwa, "Mkimaliza kuhesabu wanaume wa mwenzenu, mmgeuzie dagaa. Wanaungua."

Ndipo akashuka mama mkwe wa binti kutoka Kalinzi, huko milimani. Alikuja kwa pikipiki, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma yake, akatukuta pale kwenye boti. "Mwakeye," akatusalimu mimi na watoto kwa pamoja. Nikamwamkia na kumpa mjukuu wake. Alimpakata, akampandisha na kumshusha mara mbili.

"Nimebeba mtoto au nimebeba nguo?" akauliza.

Binti alikuwa amekuja mbio, mikono imejaa magamba. "Shikamoo mama. Ananyonya, mama. Usiku ananyonya sana."

"Ananyonya nini? Kadi iko wapi?"

Kadi ya kliniki ilitolewa. Mama mkwe hakujua kusoma, lakini mstari unaokwenda chini hauhitaji shule.

"Mimi nina ng'ombe anayekamuliwa," akasema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Nina ulezi. Nimezika wajukuu wawili, sina nguvu ya kuzika wa tatu. Kliniki ijayo, kama huu mstari haujapanda, napanda naye mimi. Wewe utabaki na samaki wako."

"Bado hajafika hata miezi mitano, mama."

"Ndiyo maana."

Alirudi Kalinzi jioni ile ile. Binti alifanya kazi mpaka mwisho wa siku, kisha akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka kwa miguu, hakutaka bodaboda.

Najua mtoto akipelekwa kwa bibi yake inakuwaje. Wa kwangu nilimpeleka kwa mama yangu akiwa na mwezi mmoja na nusu, nikaahidi kurudi mvua zikiisha. Leo ni mwanaume mwenye ndevu, na ananiita dada.

Kwa sababu hiyo nilianza kumwangalia binti kwa makini. Zamani nilikuwa nikimfikishia mtoto nageuka, maana mwingine alikuwa analia nyuma. Safari hii nilisimama. Alinawa, akakaa, akafungua gauni, akaanza kukamua mchangani. Mtoto alikuwa amelala mapajani, anatafuta kwa mdomo wazi. Binti akakamua, akagusa tone kwa kidole, akatikisa kichwa, akakamua tena. Majirani zake wakageuza dagaa wao na wake, wakamaliza, wakaanza kutazamana. Akaona aibu kuwachelewesha. Akamweka mtoto titini kwa muda mfupi tu, akamtoa, akanirudishia. "Asante, shangazi." Pale alipokuwa amekaa, sisimizi walikuwa wamefanya njia.

Nilirudi kwenye boti. Nilielewa, na sikusema kitu. Siku ile nilijiambia labda nimekosea. Siku ya pili nilijiambia nitasema kesho. Nilikuwa na kibegi kimoja na basi la Kasulu lilikuwa linaondoka kila alfajiri. Nimewahi kuondoka mahali kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Kabla sijaamua, mbalamwezi ikaanza, na Mama Pacha akatuita. Tulikaa kando ya chanja tupu. Sufuria lilikuwepo, lakini hakulifunua.

"Leo hili litulie," akasema. "Leo nataka titi lenye mwenyewe. Binti, hebu mnyonyeshe mwanao kama unavyomnyonyesha kazini. Usibadilishe kitu."

Binti alisogea, akakaa, akaanza kukamua.

"We dada," mmoja akasema, "huo mchanga umeuzaa lini?"

Wakacheka.

"Mwacheni, anamwagilia, zitaota ndizi!"

Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikakatika kimoja kimoja, maana binti alikuwa hajaacha. Mtoto alikuwa ameanza kile kilio chake chembamba.

"Unafanya nini?" Mama Pacha akauliza.

"Natoa ya jua."

"Ya nini?"

"Yale ya moto. Jua likiingia kwenye maziwa yanamchoma tumbo. Nasubiri ya baridi."

"Kila mara?"

"Kila mara. Mchana."

"Nani kakufundisha hayo?"

Binti alitazama miguu ya mtoto. Hakunitazama hata kwa pembe ya jicho. "Nimesikia tu," akasema.

Angenitaja ingekuwa rahisi zaidi. Ningekataa, labda. Ningesema hakunielewa. Lakini alikaa pale, mtoto wake anakonda, jina lake limeshachafuliwa, na bado alikuwa ananisitiri kwa sababu mimi ni mkubwa kwake na aliniita shangazi.

"Ni mimi," nikasema.

Vichwa vyote vikageuka. Mama Pacha hakupandisha sauti. "Shangazi, wewe umenyonyesha wangapi?"

"Mmoja."

"Kwa muda gani?"

"Mwezi na nusu."

"Na huyo naye ulimkamulia jua?" akauliza yule aliyesema habari ya kuota ndizi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama Pacha alimgeukia binti, akamshika mkono. "Nisikilize. Ukisimama juani damu yako inachemka? Maziwa yako humo humo damu ilimo. Hayachemki, hayalali, hayachachi. Ulikuwa unamwaga chakula, kisha unampa mtoto sahani ailambe. Mchana anakataa kwa sababu ana joto na wewe una haraka. Nenda kivulini, jifute jasho, unywe maji, kaa naye mpaka aachie mwenyewe. Basi. Hakuna dawa nyingine."

Kisha akawageukia wengine. "Na sisi tulikuwa wapi? Tunamgeuzia dagaa kila siku, hakuna aliyegeuza shingo."

Yule aliyeanzisha maneno ya kubemenda alivuta kitenge chake kichwani ingawa hakukuwa na upepo.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya kliniki. Siku za mbalamwezi walipokezana kwenda Gungu, wawili wawili, kukaa na binti chumbani kwake. Hawakufanya kitu kikubwa. Walipika, walifua, walimwambia, "Bado, muache, hajamaliza." Maboti yaliporudi ziwani, kazi ilikuwa ngumu zaidi kuliko mwanzo, maana sasa binti alikuja kunyonyeshea kwenye kivuli cha boti na kukaa muda mrefu, na dagaa wake waligeuzwa na watu ambao tayari walikuwa na wao. Nisiseme walifanya kwa furaha. Walikuwa wamechoka, na waliochoka wanasema. "Hata mimi mwenye uzazi wa upasuaji sikugeuziwa hivi." "Akishiba huyu, na mimi nitazaa mwingine mpumzike." Mmoja alijitoa kabisa, akasema hakuja Kibirizi kulea familia za watu. Siku tatu baadaye alirudi, amembeba wake analia, akanikabidhi bila kunisemesha.

Hakuna aliyenifukuza. Nadhani hawakuwa na wa kuweka badala yangu. Walinipa watoto kama kawaida na dagaa kama kawaida, ila hawakuniuliza tena habari za Urambo wala za mahali pengine. Binti alipokuja kwenye boti nilisimama kumpisha mkeka. Siku moja nilijitolea kumfulia nguo za mtoto. "Acha tu, shangazi," akasema, kwa upole ule ule. Sitajisifu kwamba nilibaki kwa majuto. Majuto nilikuwa nayo, lakini hayajawahi kunizuia kupanda basi. Nilitaka kujua mstari utakwenda wapi.

Siku ya kliniki Mama Pacha aliniambia, "Unakwenda nao. Umbebee mfuko." Mama mkwe alikuwa amefika tangu jana yake, na blanketi jipya la mtoto, la baridi ya Kalinzi, limekunjwa kwenye kikapu. Tulikaa kwenye benchi sisi watatu na mtoto. Mbele yetu kulikuwa na wanawake wengi, na kila mtoto aliyening'inizwa kwenye mzani alipiga kelele, na kila mama alijifanya hasikii.

Zamu yetu ilipofika, nesi alimning'iniza, akasoma, akaandika, akatia nukta. "Endelea hivyo hivyo, mama," akamwambia binti. "Anayefuata!"

Nje mama mkwe aliichukua kadi, akaigeuza, akanipa mimi. "Nionyeshe. Wewe si ndiye unayejua kila kitu?" Walikuwa wamemwambia, basi.

Niliweka kidole pale mstari ulipokuwa unashuka, nikaupeleka hadi kwenye nukta mpya. "Umepanda kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kucha."

"Kucha ya nani? Yangu au ya mtoto?"

Nilitazama tena. Binti alikuwa amesimama nyuma yetu, amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Ingekuwa rahisi kusema yako.

"Ya mtoto," nikasema. "Lakini mwezi uliopita ulikuwa unashuka. Sasa umeacha kushuka, umepanda."

Mama mkwe aliirudisha kadi kwenye mfuko wake wa nailoni, akaufunga fundo. Alifikiri kwa muda mrefu kiasi kwamba mwanamke mmoja alituomba tumpishe njia.

"Nilisema mstari usipopanda, napanda naye," akasema mwisho. "Umepanda. Kucha nayo ni kupanda. Basi simchukui." Kisha akamwambia binti, "Ila na mimi siondoki. Nipishe upande wa kitanda."

Binti aliketi palepale kwenye ngazi ya kituo, akafungua gauni, akanyonyesha mbele ya watu wote wanaopita. Mama mkwe alitoa lile blanketi la Kalinzi, akamkinga jua.

Alikaa Gungu wiki tatu. Kila asubuhi alikuja Kibirizi, akakaa na mimi kwenye kivuli cha boti, mjukuu wake mapajani mwake, wale wanane kwangu. Hakuniruhusu nimguse. Mtoto akilia alinyanyuka mwenyewe, anashika kiuno, anakokota miguu mchangani kumwita mama yake. Tulizungumza kidogo. Aliniuliza nilichuma kahawa ya nani kule kwao, nikamwambia, akasema huyo mzee ni bahili, nikakubali. Mchana mwingi alisinzia, na mtoto naye, na mimi nikabaki macho na ziwa na kelele za chanja.

Kisha mawingu yakaanza kujikusanya juu ya milima, na shamba lake lilikuwa halijalimwa. Asubuhi ya kuondoka alikuja na kikapu chake tayari, bodaboda inangoja barabarani. Akanitazama kama anavyotazamwa mbuzi sokoni. Mwishowe akaniwekea mtoto mkononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka.

"Huyu akilia, mpeleke kwa mama yake," akasema. "Usimshauri kitu. Mpeleke tu."

"Sawa, bibi."

"Nimesema mpeleke tu."

Hakuwa amefika mbali mtoto akaanza kulia, kilio kinene sasa, cha hasira. Nilimpeleka. Binti alinawa, akaona ni mimi, akapokea bila neno. Hatukuelewana kwa macho wala hatukusameheana, nisidanganye. Akaja naye hadi kwenye mkeka, akakaa amenipa mgongo, akamweka titini. Mtoto alikuwa ameshika vibaya kidogo, kidevu mbali. Niliona. Niliwahi kusikia namna ya kumsogeza, sikumbuki wapi. Nikafunga mdomo, nikaenda kumwita Mama Pacha.